SAYYIDNA UMAR NA MALIWALI WAKE

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo: katika kijitabu hiki yameelezwa maisha ya Sayyidna Umar bin Al-Khattab, Khalifa wa pili, R.A., na khasa jinsi alivyokaa na watu aliowapa kazi: maliwali wake, makadhi wake, maamiri wa majeshi yake, na wanyonge walio chini ya hao. Habari za kufunguliwa Sham na Iraq na Misri na Fursi zimeandikwa katika vitabu vingi, na watu hupenda kusoma vita. Lakini nchi ikiisha kufunguliwa hutaka watu wa kuisimamia, na kuwasimamia wasimamizi ni kazi nzito kuliko upanga. Kila mwenye watu chini ya mkono wake, awe tajiri mwenye makarani, au nahodha mwenye mabaharia, au mwenye shamba, au mwalimu mwenye wasaidizi chuoni, ana haja ya kuijua habari hii.

Sayyidna Umar alizaliwa Makka yapata miaka 13 baada ya Mwaka wa Ndovu, katika ukoo wa Bani Adiy, ambao ni Makureshi lakini hawakuwa katika wenye nguvu kubwa. Mama yake, Hantama, alikuwa wa Bani Makhzum, ukoo wa Khalid bin Al-Walid. Na nasaba hii na ikumbukwe, kwani itahitajiwa huko mbele. Baba yake alikuwa mtu mkavu. Alimpeleka mwanawe kuchunga ngamia huko Dhajnan, akimchosha akifanya kazi, na akimpiga akipunguza. Miaka mingi baadaye, akiwa Khalifa mwenye amri juu ya nchi nyingi, alipita Dhajnan akirudi hija, akawasimulia wenzake jinsi alivyokuwa akisumbuka mahali pale, hali leo hapana mtu aliye juu yake ila Mwenyezi Mungu. Basi alijua ladha ya kutumikia mtu mgumu, wala hakuisahau.

Alipokuwa mtu mzima alikuwa mrefu sana, hata katikati ya watu huonekana kama aliyepanda mnyama na wengine wanakwenda kwa miguu. Sauti yake ilikuwa kubwa. Alijua kusoma na kuandika katika zama ambazo wajuao walikuwa wachache, na Makureshi walimfanya mjumbe wao. Na juu ya yote hayo alikuwa mwepesi wa kughadhibika.

Katika mwaka wa 6 wa utume (yapata 616) alitoka na upanga kwenda kumwua Mtume S.A.W. Njiani akaambiwa kuwa dada yake Fatma na mumewe Said bin Zaid wamekwisha silimu, akageuza njia akawaendea wao. Akampiga Said, na Fatma alipoingia kati akampiga naye hata damu ikamtoka. Alipoiona damu ile ghadhabu ikamwisha, akaona haya, akaomba aonyeshwe kile walichokuwa wakikisoma. Watu wengi hukitaja kisa hiki kwa ajili ya Sura ya Twaha aliyosomewa, nao wana haki. Lakini kabla ya Sura ilitangulia damu. Mtu ambaye anapoona jeraha alilolitia kwa mkono wake moyo wake hulainika papo hapo, huyo hakuwa mtu wa moyo mgumu. Alikuwa mtu wa hasira za karibu, na hayo ni mambo mawili mbalimbali.

Hasira hizo hazikuondoka kwa kusilimu. Siku ya Hudaibiya, mwaka wa 6 wa Hijra (628), aliona masharti ya sulhu ni unyonge, akamjadili Mtume S.A.W. kwa ukali, kisha akajuta, akawa akifunga na kusali na kutoa sadaka na kuacha watumwa huru kwa ajili ya maneno ya siku ile. Na alipokufa Mtume S.A.W. mwaka wa 11 (632), Umar alisimama na kuwatisha wanaosema kuwa amekufa, mpaka Abubakr alipowasomea watu aya, na miguu ya Umar ikashindwa kumchukua, akaanguka chini. Kila mara mambo yalikuwa ni hayo: moyo wake hutangulia, kisha akili yake humfikia, na akili ikimfikia hukubali mara moja wala hashindani na haki. Sifa hii ya mwisho ndiyo iliyomfaa.

Abubakr alipougua ugonjwa wa kufa, mwaka wa 13 (634), akataka kumwachia Umar ukhalifa, masahaba wengine waliingiwa na khofu. Abdurrahman bin Auf alimsifu, lakini akataja ukali wake. Abubakr akajibu kwa maana ya kuwa Umar ni mkali kwa sababu amwona yeye ni laini; na jambo likimfikia mwenyewe atauacha ukali mwingi. Alikwisha kumchungua: kila yeye Abubakr akimkasirikia mtu, Umar humshauri amridhie, na kila akimlainikia, Umar humshauri amtilie mkazo. Maana yake ni kwamba ukali wa Umar haukuwa upofu. Alikuwa akiutia upande ule wa mizani uliokuwa mwepesi.

Na Umar aliposhika amri, imepokewa kuwa alimwomba Mola wake mbele ya watu, akijitaja mwenyewe kuwa mgumu na akiomba kulainishwa, kuwa dhaifu na akiomba kutiwa nguvu, na kuwa bakhili na akiomba kufanywa karimu. Ni mkubwa gani awezaye kuanza kazi yake siku ya kwanza kwa kuwatajia watu wake aibu zake tatu? Lakini aliyekwisha kuzitaja mwenyewe, watu hupata njia ya kumkumbusha asikasirike.

Na walimkumbusha. Siku moja alikuja Madina Uyaina bin Hisn, mkubwa wa mabedui, akafikia kwa mtoto wa nduguye, Al-Hurr bin Qais. Al-Hurr alikuwa kijana, lakini alikuwa katika watu wa baraza ya Umar, kwani watu wa baraza yake walikuwa ni wale waliohifadhi Qurani na kuifahamu, wazee kwa vijana. Uyaina akaomba kuingizwa, na alipoingia akamwambia Khalifa usoni kuwa hawapi watu mali ya kutosha wala hahukumu kwa uadilifu. Umar akaghadhibika hata karibu amwangukie. Al-Hurr akamkumbusha ile aya ya Suratul Aaraf inayoamrisha kusamehe na kuwapuuza wajinga, na kuwa mtu huyu ni katika hao wajinga. Umar hakuipita aya ile hatua moja. Akanyamaza. Na itazamwe vema: aliyemzuia ni kijana, na aliyemweka kijana yule mahali pa kuweza kumzuia ni Umar mwenyewe.

Kuwalea vijana ilikuwa sehemu kubwa ya kazi yake. Abdalla bin Abbas alikuwa bado barobaro, na Umar alikuwa akimwingiza pamoja na wazee waliopigana Badr. Baadhi yao hawakupendezwa, wakasema kwamba wao pia wana watoto wa umri wake. Umar hakuwagombeza wazee wale, wala hakumtoa kijana. Aliwakusanya siku moja akawauliza wote maana ya Suratun Nasr. Wengine wakajibu kwa dhahiri yake, kuwa ni amri ya kumsifu Mungu na kumwomba msamaha upatikanapo ushindi, wengine wakanyamaza. Kisha akamgeukia Ibn Abbas, naye akasema kuwa katika sura hiyo Mtume S.A.W. alipewa habari ya kukaribia kufa kwake. Umar akasema kuwa hata yeye hajui maana nyingine ila hiyo. Wazee wakaridhika wenyewe, pasipo mtu kuaibishwa.

Siku nyingine aliwauliza aya moja ya Suratul Baqara, wakajibu kuwa Mungu ndiye ajuaye. Jawabu hilo lilimkasirisha, kwani lilikuwa ni kujificha nyuma ya maneno mazuri; alitaka mtu aseme ajua au hajui. Ibn Abbas akasema kwa sauti ya chini kuwa ana kitu moyoni, na Umar akamhimiza aseme, wala asijidharau nafsi yake. Katika vyuo vingi mtoto hunyamazishwa mbele ya wakubwa, na hiyo huhesabiwa ni adabu. Adabu ni jambo jema. Lakini Ibn Abbas ndiye aliyekuja kuwa bahari ya tafsiri ya umma huu, na kama kinywa chake kingalifungwa katika baraza ile haijulikani nani angalikifungua.

Ama maliwali, aliwachagua kwa kutazama mambo ambayo wengine hawayatazami. Alikuwa karibu kumpa mtu mmoja kazi, na mtu yule akamwona Khalifa akimbusu mtoto. Akastaajabu, akasema yeye ana watoto kadha wa kadha na hajapata kumbusu hata mmoja. Umar akaizuia ile kazi asimpe, akiona kuwa asiye na huruma kwa watoto wake hatakuwa na huruma kwa watoto wa watu. Mtu yule huenda alikuwa hodari wa hesabu au wa vita. Lakini liwali ni mtu wa kukaa na watu.

Aliyepewa kazi aliandikiwa mali yake kabla ya kuondoka, ili ijulikane itakayozidi. Aliwekewa na masharti mbele ya mashahidi: asipande farasi wa fahari, asivae nguo za anasa, asile mkate wa unga mlaini, wala asifunge mlango wake mbele ya wenye haja. Na hakuwaacha bila posho. Alipompeleka Ammar bin Yasir Kufa kuwa amiri, na Abdalla bin Masud kusimamia baitulmali na kufundisha, na Uthman bin Hunaif kupima ardhi, aliwakadiria mbuzi au kondoo mmoja kila siku: nusu yake kwa Ammar, na robo robo kwa wenzake. Mtumishi mwenye njaa hana uaminifu wa kudumu, na anayemtaka mwaminifu bila ya kumshibisha ni kama amlaumuye mwizi aliyemwachia mlango wazi.

Kila msimu wa hija aliwaita maliwali wakutane naye, na raia wenye mashitaka nao waje. Jumbe za miji zilipofika kwake aliwauliza habari za amiri wao: je, huwatazama wagonjwa? Mtumwa akiugua humwendea? Mnyonge humfanyia nini? Hukaa mlangoni pake? Wakisema la katika moja ya hayo, alimwondoa. Tazama maswali hayo. Hakuanza na kuuliza kodi imepatikana kiasi gani.

Hata hivyo hakumhukumu liwali kwa kelele za watu. Wapokezi wamehadithia habari ya Said bin Amir, liwali wa Hims, ambaye watu wake walimshitaki kwa mambo manne: hatoki mpaka jua liwe juu, hamjibu mtu usiku, kila mwezi ana siku moja ambayo haonekani, na mara nyingine huzimia katikati ya watu. Umar aliwakutanisha uso kwa uso, naye moyoni akimwomba Mungu asimvunjie dhana yake njema kwa Said. Said alikuwa akichukia kuyasema, lakini aliulizwa, akajibu. Hana mtumishi, basi asubuhi hukanda unga mwenyewe na kuwaokea watu wake mkate. Mchana ameutoa kwa raia na usiku kwa Mola wake. Nguo yake ni moja, na siku moja katika mwezi huifua akangoja ikauke. Na kule kuzimia ni kwa kuwa alikuwapo Makka, naye bado ni mshirikina, alipouawa Khubaib bin Adiy, wala hakumsaidia. Kila akikumbuka hupotewa na fahamu. Umar akamshukuru Mungu ambaye hakumvunjia dhana yake. Laiti angalimwuzulu kwa barua, lisingalijulikana hata moja katika hayo.

Wala hakuwapima wote kwa pishi moja. Alipokwenda Sham alimwona Muawiya katika msafara wa fahari, jambo alilolichukia sana, akamsaili. Muawiya akatoa hoja yake, kwamba nchi ile ina wapelelezi wengi wa maadui, na fahari ya mtawala huwatia khofu. Akiamrishwa kuiacha ataiacha. Umar akasema hamwamrishi wala hamkatazi. Neno hilo lataka kufikiriwa. Hakuwa na yakini kuwa Muawiya amepata, wala hakuwa na yakini kuwa amekosa, na aliyeko mahali pa kazi huona asiyoyaona aliye mbali. Akamwachia mzigo wa hukumu yake mwenyewe.

Lakini isidhaniwe kuwa kila jambo lilimtengenea. Abu Huraira alikuwa liwali wa Bahrain, akarejea na mali. Umar akamsaili kwa ukali, na Abu Huraira akaeleza kuwa ni farasi waliozaana na biashara iliyonawiri na posho zilizofuatana. Umar akaitwaa kwa ajili ya baitulmali. Baadaye akamtaka arejee kazini, na Abu Huraira akakataa katakata; hakutaka tena kuvunjiwa heshima na kunyang'anywa mali yake. Umar alikuwa akilinda mali ya Waislamu, na katika hilo hana lawama. Lakini alimtaka mtu yule tena na hakumpata.

Na kisa kilichowaumiza watu kuliko vyote ni cha Khalid bin Al-Walid. Khalid alikuwa jamaa wa mama yake, na hapakuwa na amiri mfano wake. Umar aliposhika ukhalifa tu, alimwondoa katika ukubwa wa majeshi ya Sham akamweka Abu Ubeida. Imepokewa kuwa Abu Ubeida aliificha barua kwa muda, kwa haya na kwa kuchelea kumvunja moyo mwenziwe katikati ya vita. Khalid akakubali kupigana chini yake. Kisha mwaka wa 17 (638) ikaja habari kuwa Khalid amemtunuku Al-Ashaath bin Qais dirhamu 10,000. Umar akaamrisha asimamishwe mbele ya watu na aulizwe: kama ametoa katika mali ya Waislamu ni khiana, na kama ni katika mali yake ni israfu; na kwa vyovyote atauzuliwa. Bilal akakifungua kilemba chake akamfunga nacho, naye akajibu kuwa ni katika mali yake. Bilal akamfungua, akamvika kilemba chake kwa mkono wake kwa kumheshimu.

Khalid alikwenda Madina na malalamiko yake, na Umar akamwambia kuwa yeye kwake ni mwenye heshima na ni mpendwa. Kisha akaandika barua katika miji yote, akieleza kuwa hakumwuzulu Khalid kwa kumchukia wala kwa khiana, ila watu wamefitinika naye, akakhofia wasije wakadhani ushindi watoka kwa Khalid, na hali watoka kwa Mungu. Wanazuoni wamesema mengi juu ya kuuzuliwa huku, wengine wakiona Umar alizidisha. Juu ya kilemba yaweza kusemwa hivyo. Lakini ile barua haina mfano. Wakubwa wengi humwondoa mtu kisha wakanyamaza, wakaacha kila mwenye ulimi aseme lake. Umar alimwondolea kazi, akambakishia jina. Khalid alipokufa, mwaka wa 21 (642), yasemekana kuwa alimwusia Umar mambo yake. Wanawake wa Bani Makhzum walipomlilia, Umar, ambaye desturi yake ni kukataza vilio, aliacha walie, maadamu hawajimwagii mchanga wala hawapigi mayowe.

Kwa Saad bin Abi Waqqas alifanya hivyo hivyo kwa namna nyingine. Saad ndiye mshindi wa Qadisiya na mwenye kuijenga Kufa. Alipojenga nyumba na kuitia mlango ili kelele za sokoni zisimfikie, Umar alimtuma Muhammad bin Maslama, ambaye ndiye aliyekuwa akitumwa kuwakagua maliwali, akauteketeza mlango ule kwa moto, kisha akarudi Madina wala hakukubali hata masurufu ya njiani. Hapo Saad alikuwa na kosa, nalo likakomea mlangoni. Kazi yake hakuondolewa. Baadaye, mwaka wa 21, baadhi ya watu wa Kufa wakamshitaki hata katika sala yake, kuwa haijui. Umar akamwita akamwuliza, naye akaeleza jinsi anavyowasalisha kwa sala ya Mtume S.A.W.; Umar akasema hiyo ndiyo dhana yake kwake. Wakatumwa watu kuzunguka Kufa msikiti kwa msikiti. Wote wakamsifu, ila mtu mmoja katika Bani Abs. Pamoja na hayo Umar akamwondoa, kwa kuwa mji ule ulikuwa na fitina, na liwali asiye na kosa aweza asifae mahali walipokwisha kumzulia. Saad akaondoka bila hatia, na jeraha lake likabaki.

Mahali pake akawekwa Ammar bin Yasir, mcha Mungu mkubwa, aliyeteswa Makka kwa ajili ya dini. Kufa wakamlalamikia naye, kuwa hajui siasa. Umar akamwondoa, kisha akamwuliza kama kuondolewa kumemchukiza. Ammar akajibu kuwa hakufurahi alipopewa, na amechukizwa alipoondolewa. Umar akamweleza kuwa alikuwa akijua kuwa yeye si mtu wa kazi ile, lakini alitamani kuwaona waliokuwa wanyonge wakifanywa viongozi. Si kila mkubwa amwulizaye aliyemwondoa moyo wake una nini. Na katika wanaouliza, wachache hungoja jawabu.

Mapenzi yake kwa watu wake yalidhihiri zaidi mwaka wa 18 (639), tauni ilipoingia Sham. Alimwandikia Abu Ubeida barua kuwa ana haja naye ya haraka, aje Madina mara ilipomfikia. Abu Ubeida akatambua kuwa haja hiyo ni kumtoa penye mauti, akajibu kwa upole kuwa yuko pamoja na majeshi ya Waislamu wala hawezi kuyaacha, basi amsamehe. Umar alipoisoma akalia, hata waliokuwapo wakauliza kama Abu Ubeida amekufa. Akasema la, na ni kama aliyekufa. Akamwandikia tena ayapandishe majeshi penye ardhi ya juu na hewa safi, na Abu Ubeida akafa kabla ya mambo kutulia.

Ama watumishi wa watumishi, yaani wale ambao hawafikiwi na macho ya Khalifa, hao nao hakuwasahau. Alipokuwa Makka katika hija, Safwan bin Umayya alimtengenezea chakula, kikaletwa na watumishi, nao wakasimama kando wala hawakukaa kula. Umar aliposikia kuwa hawali pamoja na mabwana wao alighadhibika mno, akawaita wakae wale. Wakala wao, na yeye hakula. Na watumwa wa Hatib bin Abi Baltaa waliiba ngamia wa mtu wa kabila la Muzaina wakamchinja. Hukumu ya mkono ilikwisha kutajwa, kisha Umar akasita, akamtazama Hatib, akaona kuwa yeye ndiye awatiaye njaa. Akamwuliza mwenye ngamia thamani yake, akasema dirhamu 400. Umar akamtoza Hatib 800. Mafakihi wetu wa Kishafii hawaichukui ile ziada, wao hukomea thamani ya kitu kilichopotea. Lakini hapana fakihi asiyefahamu Umar alikuwa akimwonyesha nani kosa lilipotoka.

Basi ni ajabu ya makadara kuwa mauti yake yalikuja kwa mkono wa mtumishi mwenye malalamiko. Fairuz, aitwaye Abu Luulua, alikuwa mtumwa wa Mughira bin Shuuba, fundi wa seremala na uhunzi na nakshi, na bwana wake alimwekea malipo ya kila siku. Akaja kumlalamikia Umar kuwa ni mengi. Umar akamwuliza kazi anazozijua, akaona kuwa malipo si mengi kwa fundi wa kazi hizo, akamwambia amche Mungu na awe mwema kwa bwana wake. Wengine wamepokea kuwa moyoni mwake Umar alikusudia kumkabili Mughira ampunguzie. Lakini Fairuz hakuambiwa hilo. Alichoondoka nacho mlangoni ni nasaha tupu, na akilini mwake ni kuwa uadilifu wa Umar umewafikia watu wote isipokuwa yeye. Hapana udhuru wowote kwa muuaji, na aliyoyafanya ni dhambi kubwa. Lakini jambo jema lililofichwa moyoni halikumpoza mwenye uchungu.

Siku ya 26 Mfungo Tatu, mwaka wa 23 (Novemba 644), alipokuwa akisalisha alfajiri, Fairuz alimchoma kwa khanjari yenye ncha mbili. Alipelekwa nyumbani, akanyweshwa maziwa yakatokea kwenye jeraha, na watu wakajua kuwa hatapona. Akaingia kijana mmoja akamsifu na kumpa bishara njema. Alipokuwa akienda zake Umar akaona nguo yake inaburura chini. Akaamrisha arejeshwe, akamwita mtoto wa nduguye, akamwambia aipandishe nguo yake, maana ni usafi zaidi kwa nguo na ucha Mungu zaidi kwa Mola wake. Akafundisha mauti yakiwa mlangoni, wala hakumkaripia.

Kisha akatuma kuomba ruhusa kwa Bibi Aisha azikwe pamoja na wenzake wawili, akapewa. Na amri ya ukhalifa akaiweka mikononi mwa watu sita: Uthman, Ali, Talha, Zubair, Abdurrahman bin Auf na Saad bin Abi Waqqas. Akausia kuwa ikimwangukia Saad basi ni yeye, na kama sivyo, yeyote atakayeshika na amtake msaada Saad, kwani yeye hakumwuzulu kwa udhaifu wala kwa khiana.

Akafa, akasaliwa na Suhaib, akazikwa chumbani kwa Bibi Aisha. Wale sita wakakutana, na Uthman akashika ukhalifa. Na liwali wa kwanza ambaye Uthman alimpeleka kazini, kwa kuutimiza usia wa Umar, ni Saad bin Abi Waqqas, akamrejesha Kufa.